Simu Mkononi mwa Mkristu

Simu imekwisha kuingia hata katika vijiji vilivyo mbali na barabara kubwa. Mahali pengine watu hupanda mlima ili wapate mtandao. Mahali pengine simu moja hutumiwa na nyumba tano, nayo huchajiwa kwa mwenye paneli ya jua kwa malipo ya franka kidogo. Tena haikuja peke yake. Imekuja na picha, na nyimbo, na michezo, na habari za pande zote za dunia. Basi watu husema mengi juu yake, na wakatekumeni wakiketi chini ya mwembe baada ya mafundisho, maoni matatu husikika mara nyingi.

Mzee husema: "Kitu hiki ni cha shetani. Kimewaharibu vijana. Mkristu akitupe."

Kijana hujibu: "Simu ni chuma tu, na chuma hakitendi dhambi. Basi nitendalo kwa simu halina neno."

Na mwingine, akiulizwa juu ya habari ya uongo aliyoieneza, hujitetea hivi: "Mimi sikuitunga. Niliipokea, nikaipitisha tu. Hatia ni yake aliyeitunga."

Maoni hayo matatu yafaa kupimwa kwa imani na kwa akili, maana zote mbili ni zawadi za Mungu.

1. Je, simu ni kitu cha shetani?

Shetani hawezi kuumba kitu chochote. Aliyeumba vyote ni Mungu, naye aliona kwamba alivyoviumba ni vyema. Hilo ni fundisho la ukurasa wa kwanza wa Biblia. Simu imefanywa kwa vitu vilivyotoka katika ardhi ya Mungu, na sehemu yake imetoka katika ardhi ya Kongo. Kobalti iliyomo katika betri za simu nyingi huchimbwa Kolwezi na mahali pengine pa Lualaba. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia hutoka Kongo. Koltani ya Masisi, katika Kivu ya Kaskazini, hutoa madini yaitwayo tantali, nayo hutumika katika vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu. Mungu aliiweka mali hiyo ardhini, akawapa watu akili ya kuitafuta na kuitumia. Akili hiyo haikutoka kwa shetani.

Eklezia nayo haikuviogopa vyombo vya namna hiyo. Tarehe 12 Februari 1931 Papa Pio XI alifungua Radio ya Vatikano, iliyojengwa na Guglielmo Marconi, ili sauti ya Baba Mtakatifu isikike mbali. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati iitwayo Inter mirifica juu ya magazeti, sinema, radio na televisheni. Hati hiyo hufundisha kwamba vyombo hivyo, vikitumiwa vema, huwasaidia watu sana. Lakini watu waweza pia kuvitumia kinyume cha mapenzi ya Muumba, kwa hasara yao wenyewe. Neno lililofaa kwa radio lafaa hata kwa simu.

Walakini mzee hakukosa kabisa. Madini yale wengine huyachimba kwa mikono, katika mashimo yanayoporomoka. Watoto wamebeba mawe badala ya kubeba daftari. Watu wenye silaha wamepigana kwa ajili ya utajiri huo, na vijiji vizima vimekimbia. Dhambi hiyo haimo katika jiwe. Imo katika moyo wa mwenye tamaa. Lakini mkristu aishikaye simu akumbuke kwamba ameshika jasho la ndugu yake. Kitu kilichopatikana kwa taabu kubwa namna hiyo hakifai kutumiwa kwa matusi.

2. Je, chuma hakitendi dhambi?

Kijana amesema kweli, ila amesema nusu yake. Panga nalo halina dhambi. Lakini Padri hapokei maungamo ya panga. Hupokea maungamo ya mwenye panga. Aliyemtukana jirani kwa simu amemtukana. Aliyeiba fedha za mtu kwa simu ameiba. Anayetazama picha za aibu gizani, peke yake, ametazama mbele ya Mungu, maana hakuna giza mbele yake. Amri za Mungu hazikuandikwa kwa ajili ya ulimi na mikono tu. Zimeandikwa kwa ajili ya mtu mzima, na chochote alichoshika.

Tena simu na panga havilingani katika yote. Panga likiwekwa pembeni hunyamaza. Simu haingoji kuitwa. Yenyewe humwita mtu. Ni kwa sababu gani? Wenye mitandao ile mikubwa hupata fedha kwa kuwauzia wafanya biashara nafasi ya kutangaza vitu vyao. Kadiri mtu anavyokaa akitazama, ndivyo matangazo mengi yanavyopita mbele ya macho yake, na ndivyo faida yao inavyoongezeka. Kwa hiyo wamevitengeneza vyombo hivyo ili mtu asiondoke upesi. Mwenye busara hujua ni nani aliyemtegea mtego, na kwa chambo gani. Kujua hivyo si kuogopa. Ni kukesha, kama Bwana wetu alivyowaagiza wafuasi wake.

3. "Niliipitisha tu"

Maoni ya tatu ndiyo ya hatari kupita yote, kwa maana hutuliza dhamiri isiyopaswa kutulia.

Fikirini jambo hili. Usiku ujumbe wa sauti wafika katika simu ya kijana. Msemaji hajitaji jina. Asema kwamba mjane fulani wa mtaa wa chini amemwua mtoto kwa uchawi. Kijana hamjui msemaji, wala hakumwona mtoto huyo. Lakini habari ni ya kutisha, naye aona haya kuwa wa mwisho kuitoa. Awapelekea watu 20. Kila mmoja wa hao awapelekea wengine. Kulipopambazuka, umati wa watu wenye fimbo na mawe umekwisha kufika mlangoni pa yule mama. Kijana yuko nyumbani kwake, anakunywa chai. Asema: "Mimi sikumgusa." Je, mikono yake ni safi?

Ili kujibu, yapasa kutenganisha mambo manne.

Kwanza, mtu akijua kwamba habari ni ya uongo, naye akaipitisha, amesema uongo sawasawa na aliyeitunga. Amevunja amri ya nane, na uongo wake ukimletea mwenzake kifo, amegusa na amri ya tano.

Pili, mtu asipojua kama habari ni ya kweli au ya uongo, wala asitafute kujua, akaipitisha hata hivyo, hana haki ya kusema "sikujua". Kutojua kwake ni kosa lake mwenyewe, kwani aliweza kuuliza naye hakutaka. Eklezia huita jambo hilo kuhukumu pasipo haki: kusadiki ubaya wa mwenzako bila sababu ya kutosha. Huyo ndiye kijana wa mfano wetu. Mkono wake haukutupa jiwe, lakini ndio uliogawa mawe.

Tatu, habari yaweza kuwa ya kweli, na kuitoa kukawa dhambi. Aibu ya siri ya jirani, ugonjwa wake, picha ya binti aliyedanganywa: mambo hayo ni kweli, lakini si ya kutangazwa. Kuyaeneza bila sababu ya haki ni kusengenya, na huharibu jina jema la mtu, lililo mali yake kuliko mbuzi na shamba.

Nne, mtu aweza kuuliza kwa bidii, akasadiki kwa sababu nzuri, kisha ikaonekana kwamba alidanganywa. Huyo hana hatia. Lakini akiisha kujua, analo deni la kuwaambia ukweli wote aliowaambia uongo.

Mambo hayo si hadithi. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini. Ukaingia na Ituri, wala haukutangazwa kwisha ila tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 3,400 walipatwa nao, na zaidi ya 2,200 walikufa. Mwezi wa Septemba 2018 wataalamu waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja katika kila wanne aliona kwamba Ebola haipo. Wengine walisema ni hila ya wanasiasa, au biashara ya watu wanaotafuta fedha. Wale wasiosadiki ndio waliokuwa wazito kuipokea chanjo, na chanjo ile ilikuwa na nguvu ya kuokoa. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyekuja kuwahudumia wagonjwa, aliuawa Butembo kwa risasi.

Ni haki kusema kwamba uvumi haukuwa sababu peke yake. Watu wa nchi ile walikuwa wameona vita na mauaji kwa miaka mingi, nao walikuwa na sababu ya kuwashuku wenye mamlaka. Lakini moyo wenye jeraha ndio hasa unaopaswa kupewa ukweli, na watu wengi waliupa uvumi. Walioupitisha walikuwa watu wa kawaida: mama sokoni, mwendesha pikipiki, mwanafunzi, na bila shaka hata wabatizwa. Kila mmoja alisema: "Nimesikia hivyo." Hakuna aliyejiona mwuaji.

Tena uongo una miguu myepesi. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walitoa utafiti wao juu ya habari kama 126,000 zilizoenezwa katika mtandao wa Twitter tangu mwaka 2006 hata 2017. Waliona kwamba uongo ulifika mbali zaidi na upesi zaidi kuliko ukweli, na kwamba waliousukuma mbele hivyo ni watu wenyewe, si mashine. Mtume Yakobo alikwisha kufundisha kwamba ulimi ni kama moto mdogo unaounguza msitu mkubwa. Siku hizi kidole kimekuwa ulimi wa pili.

Mkristu afanyeje basi? Amtazame Mwenye Heri Floribert Bwana Chui wa Goma. Kijana huyo alikuwa mfanyakazi wa serikali katika kazi ya kukagua bidhaa zinazopita mpakani. Vyakula vilivyooza vililetwa mbele yake; akaahidiwa fedha ili aviache vipite. Alikataa, kwa kuwa watu wangevila na kuugua. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Eklezia ilimtangaza Mwenye Heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Kila mwenye simu amewekwa mpakani kama Floribert. Habari zaja mikononi mwake, nyingine nzima, nyingine zimeoza. Mchele uliooza haukulimwa na Floribert. Hata hivyo alijua kwamba akiuachia upite, wagonjwa watakuwa juu yake. Ndivyo ilivyo kwa neno.

Mtu aweza kusema: "Lakini kama hatari ni ya kweli, nami nikanyamaza, watu hawatakufa?" Swali hilo ni la haki, na wenye kuliuliza wasidharauliwe. Jibu ni kwamba anayeshuku hatari hapaswi kunyamaza. Anapaswa kuipeleka habari kwa anayeweza kuipima. Habari ya ugonjwa ipelekwe kwa mwuguzi wa zahanati. Habari ya watu wenye silaha ipelekwe kwa chifu. Habari ya imani ipelekwe kwa katekista au kwa Padri. Na akilazimika kuwaonya jirani zake upesi, awaambie wazi alichokiona kwa macho, alichokisikia kwa wengine, na asichokijua. Asiongeze hata chembe. Mwonyaji wa namna hiyo huwaokoa watu. Mpiga kelele huwakanyagisha.

4. Baraka za kupelekewa watu kumi

Upo ujumbe mwingine unaowanasa hasa wale walio karibu na dini. Huonyesha picha ya Bwana Yesu au ya Mama Bikira Maria, kisha husema: wapelekee watu 10 kabla ya usiku, nawe utapata baraka, ukiukata, msiba utaingia nyumbani mwako.

Wakatekumeni wajue vema: huo si utume wa Evanjili. Ni hirizi iliyovikwa nguo mpya. Mtu aliyeivua hirizi ya mkononi ili ajitayarishe kwa Ubatizo, asiivae tena ndani ya simu. Baraka ya Mungu hainunuliwi kwa kuhesabu watu, wala Baba wa mbinguni hamtishi mwanawe kwa msiba kwa sababu hakubonyeza kitufe. Anayeogopa kuukata ujumbe huo ameitia nguvu ya Mungu katika kitu kisicho Mungu, na hilo ni kosa juu ya amri ya kwanza. Ujumbe wa namna hiyo ufutwe kwa moyo mtulivu, na badala yake isaliwe Salamu Maria moja kwa ajili ya aliyeuleta.

5. Michezo ya simu na ya video

Katika miji kuna vyumba ambamo vijana hulipa franka ili wacheze mpira wa picha kwa dakika chache. Vijijini michezo hiyo hufuata simu. Wazazi wengine husema kwamba kila mchezo ni upotevu. Si kweli. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na pumziko lake ni mchezo. Alikumbusha habari ya zamani juu ya Mtakatifu Yohane Mwevanjili, aliyelaumiwa kwa kuwa alionekana akicheza na wafuasi wake. Yohane alimwuliza mwenye upinde kama aweza kupiga mishale bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo na roho ya mtu, akasema Yohane: isipolegezwa kamwe, huvunjika. Wawindaji wa vijijini walielewa neno hilo tangu zamani.

Lakini Mtakatifu Tomaso aliweka mipaka: mchezo usiwe wa aibu wala wa kudhuru, usimwondolee mtu akili yake, tena uwafae wachezaji, saa na mahali. Upinde uliolegezwa siku zote haupigi mnyama. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliandika kutawaliwa na michezo hiyo miongoni mwa magonjwa. Dalili zake ni hizi: mtu hawezi tena kujizuia, mchezo hutangulia kazi zake zote, naye huendelea ijapokuwa anaona hasara. Kijana aliyeacha shamba la mama liote majani, aliyeuza vitabu vya shule ili apate franka za kucheza, aliyekosa Misa ya Dominika kwa kuwa alikesha akitazama kioo, huyo hachezi tena, anachezewa.

Namna moja yapasa kutajwa kwa jina: kuweka fedha juu ya mpira kwa njia ya simu. Wengi huuita mchezo. Lakini baba akiweka humo fedha ya chumvi na ya dawa ya watoto, hakucheza. Amewanyima watoto haki yao.

Mfano wa kiasi ni Mtakatifu Carlo Acutis. Alizaliwa London mwaka 1991, akakulia Milano, akafa kwa ugonjwa wa damu tarehe 12 Oktoba 2006, akiwa na miaka 15. Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alijua sana kazi za kompyuta, akazitumia kueneza katika intaneti habari za miujiza ya Ekaristi. Alipenda michezo ya video kama watoto wengine; lakini alijiwekea mpaka wa saa moja kwa juma. Hakuitupa kompyuta, wala hakujiuza kwayo. Huo ndio uhuru wa wana wa Mungu.

Maulizo na majibu

Ulizo: Je, simu ni mbaya?
Jibu: Hapana. Simu ni kitu; uzuri au ubaya hutoka katika nia na tendo la anayeitumia.

Ulizo: Anayepitisha uongo asioutunga ana hatia?
Jibu: Ana hatia akijua kwamba ni uongo, au akiweza kuuliza naye asiulize.

Ulizo: Kila jambo la kweli laweza kutangazwa?
Jibu: Hapana. Siri ya mwenzako na aibu yake hazitangazwi bila sababu ya haki.

Ulizo: Aliyeeneza uongo na kutubu, yamtosha kuungama?
Jibu: Haimtoshi. Sharti awapelekee ukweli wote aliowapelekea uongo, na kumrudishia aliyechafuliwa jina lake jema kadiri awezavyo. Maji yaliyomwagika hayazoleki yote. Lakini apaswa kuzoa anayoweza.

Ulizo: Mkatekumeni ajiulize nini kabla ya kupitisha ujumbe?
Jibu: Ajiulize maneno matatu: Je, ni kweli? Je, ni haki kuutoa? Je, utamfaa nani? Likikosekana jibu moja, kidole chake kitulie.

Nia ya juma hili

Kila mkatekumeni mwenye simu aitazame jioni moja, pamoja na Mungu, kama atazamavyo dhamiri yake. Akiona ujumbe alioupitisha bila kuujua, ausahihishe kwa watu wale wale. Akiona picha isiyofaa macho ya mtu anayejitayarisha kwa maji ya Ubatizo, aifute. Kisha aizime simu kabla ya sala ya jioni, ili sauti moja tu isikike nyumbani saa ile.